Ngazi Tatu za Basi

Namwol, 6 Aprili 2003

Mdogo wangu Gi-tae,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila mgongo ndio unanikumbusha umri. Mama mzima. Jana kanipigia simu akiwa kibandani kwake sokoni, nikawa nasikia wateja wanagombania majani ya ufuta huku yeye ananiuliza kama nimekula. Ile picha uliyopigwa kambini baada ya kunyolewa ameibandika juu ya friji ya vitoweo. Mteja hapati chenji mpaka aitazame.

Duka langu la kuchonga mihuri bado linanipa kula. Watu siku hizi wanasaini kwa kalamu, wanaochongesha mihuri ya majina ni wanaooa na wanaofungua kampuni, lakini mkono haujakaa bure.

Sasa niambie. Mama anasema mlipomaliza mafunzo ya jeshi walikutoa wewe na wenzako wakawapeleka upande wa polisi. Polisi gani? Wa barabarani? Wa kulinda ofisi? Umepangwa wapi? Mama hajui, na mimi sijui, na sisi wawili hatupendi kutojua.

Huku kuna msiba. Unamkumbuka Bi Bok-sun, fundi wa nguo za harusi, aliyekuwa na kiti cha magurudumu kama changu? Mwezi uliopita alikuwa anatoka treni ya chini ya ardhi, kituo cha Sangmun. Pale hakuna lifti. Kuna lile jukwaa la chuma linalopanda pembeni mwa ngazi, unaingia na kiti chako, unaomba Mungu, linakupandisha. Lilikatika likiwa katikati. Tumemzika. Jiji limeleta shada la maua.

Baada ya mazishi tulikwenda watu kumi na wanne ofisi ya usafiri ya jiji. Tukauliza lifti zitawekwa lini, na mabasi yasiyo na ngazi mlangoni yatakuja lini. Ofisa aliyetupokea ana adabu, alitupa chai ya shayiri. Akasema, "Moyo tunao, ndugu zangu. Bajeti ndiyo hatuna." Nikamwuliza, lile daraja jipya la magari linalojengwa juu ya mto linajengwa kwa moyo? Akatuongezea chai.

Basi nimeanza kwenda mikutanoni. Usimwambie Mama.

Dada yako,
Seon-ok

—

3 Mei 2003

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Karatasi ninazo, nafasi ya kukaa peke yangu ndiyo sina. Afya nzuri, nimeongezeka kilo nne. Wale waliotutangulia kuingia wanatuamuru mpaka namna ya kutafuna, lakini nimezoea.

Niko kusini, karibu na bahari. Tunalinda ghala. Ni kazi ya kusimama na kuzunguka tu. Mwambie Mama asiwe na wasiwasi.

Habari za Bi Bok-sun zimeniumiza. Nilipokuwa sekondari alinishonea mfuko wa sare uliochanika, akanikanya nisikwambie kwamba nilipigana.

Dada, nina ombi. Usiende kwenye mambo ya barabarani. Najua hupendi kukatazwa na mtu uliyemfundisha kusoma. Lakini huku tunasikia mengi. Watu wanaumia, na wakati mwingine anayewaumiza hakukusudia. Halafu na jiji lenyewe lina mambo mengi, shule, mitaro, madaraja, kila mtu anavuta upande wake. Huenda ni kweli pesa haipo. Subiri kidogo. Vitu hivi huja vyenyewe.

Nisalimie majirani wote wa mtaani.

Mdogo wako,
Gi-tae

—

Namwol, 15 Juni 2003

Gi-tae,

Salamu zimefika, nami nakurudishia. Muuza tofu kapata mjukuu, kaniletea jina nilichongee muhuri kabla mtoto hajafumbua macho vizuri. Mama anaumwa goti lakini hataki kusikia neno hospitali.

Umeniambia nisubiri. Nina miaka thelathini na sita. Polio ilinishika kabla sijatembea vizuri. Mama alinibeba mgongoni kunipeleka shule mpaka nilipofika darasa la tatu, mgongo wake ukakataa, nikabaki nyumbani. Nilisoma kwa vitabu vya watoto wa jirani, na wewe ulipofikia umri wa kusoma nikakufundisha vilevile. Hiyo ilikuwa kusubiri. Nimemaliza zamu yangu.

Jumatatu iliyopita tulikwenda watu tisa kituo cha basi mbele ya ofisi ya meya, kila mtu na nauli mkononi. Likaja namba 27. Nikashuka kitini, nikakaa chini, nikaanza kupanda kwa mikono na makalio. Ngazi ni tatu, Gi-tae. Ya kwanza inanifika kifuani.

Dereva akasema, "Dada, shuka bwana, nina ratiba."

"Na mimi ninayo."

"Utachafuka."

"Ndiyo maana nimevaa suruali ya kazi."

Mzee mmoja viti vya nyuma akaanza kelele. "Watu wanakwenda kazini, nyinyi mnaleta michezo."

Mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu akamgeukia. "Kazi gani, baba? Wewe kila siku nakuona unashukia bwawani na ndoano yako."

Basi zima likacheka. Na mimi nikacheka nikiwa ngazi ya pili, nusura niteleze nianze upya.

Dakika ishirini na moja, nikafika juu. Ila kiti changu na betri zake ni kilo tisini, na hakuna aliyekuja kukiinua. Kwa hiyo mimi nilikuwa ndani ya basi na miguu yangu ilikuwa nje. Nikamwambia dereva, "Haya, twende." Akanitazama, mwenyewe akaona hawezi. Polisi waliokuwa wamejipanga ng'ambo tangu mwanzo wakaja wakaniteremsha, wakatuondoa wote tisa.

Siku mbili sikufungua duka. Ni mambo madogo, hayafai kuandikwa.

Jambo jingine. Muhuri wa posta kwenye bahasha yako ni wa Namwol, hapa hapa. Naona siku hizi barua za kusini zinazungushwa sana.

Dada yako,
Seon-ok

—

24 Agosti 2003

Dada,

Hujambo? Sijambo. Mvua zimekwisha. Goti la Mama linaendeleaje? Kuhusu posta sijui wanavyofanya, labda gari la barua hupita kwenu kwanza.

Samahani, barua hii ni fupi. Nina swali.

Kijijini huku kuna mzee mwenye kiti cha umeme kama chako. Akikwama mahali tunatumwa kumwinua, yeye na kiti chake. Juzi wenzangu walimshika vibaya. Mkono wa kiti ukachomoka, akaanguka, akapasuka juu ya jicho. Hakulia wala hakututukana. Alitutazama tu.

Mtu ashikwe wapi ili asiumie? Tafadhali nijibu mapema.

Gi-tae

—

Namwol, 28 Agosti 2003

Gi-tae,

Barua imefika saa nne asubuhi, nimeiacha kazi ya mteja mezani nikujibu.

Mikono ya kiti haishikwi, inachomoka. Shikeni chuma cha chini, pembe nne, watu wanne wa kimo kinacholingana. Zimeni umeme kwanza, kile kijiti cha kuendeshea kikiguswa kwa bahati mbaya kiti kinaruka. Kama ni kusukuma tu, nyuma kuna vishikio viwili vyekundu, vivuteni, magurudumu yatalegea. Mkanda wa kiunoni ufungwe. Kichwa kisitangulie chini. Na msimvute mtu kwa kwapa. Mabega yetu ndiyo miguu yetu.

Kabla ya yote hayo, mwulizeni. Akisema hataki kushikwa, hashikwi.

Na huyo mzee wa kijijini akikutazama, mtazame. Kuinuliwa na mtu anayeangalia pembeni kunauma kuliko kuanguka.

Mimi sina swali la kukuuliza. Sikukuu ya mavuno sitakwenda kwa Mama, mabasi ya mikoani ngazi zake ni ndefu kuliko hizi za mjini. Mama ananiambia nichukue teksi, kama vile kwetu ni mlango wa pili.

Kula vizuri. Lala ukipata nafasi.

Dada yako

—

Namwol, 30 Novemba 2003

Gi-tae,

Mama mzima, goti limepoa. Wiki iliyopita alitia chumvi kabichi mia moja za majira ya baridi, analalamika kwamba nyumba haina mtu wa kuzionja. Mimi pia mzima, karibu wote.

Tangu Agosti hujaniandikia. Nitakusimulia mambo ya Jumatatu, tarehe ishirini na nne, na sitakuuliza kitu.

Asubuhi kamati ya bajeti ya madiwani ilikaa kikao cha wazi. Ofisi ya usafiri, baada ya kelele zetu za mwaka mzima, ilikuwa imeomba mabasi hamsini ya sakafu ya chini, yasiyo na ngazi. Mwenyekiti ni Diwani Chu, yule mwenye kiwanda cha vigae. Akasimama na karatasi yake.

"Tumehesabu," anasema. "Watu wa viti vya magurudumu waliopanda basi katika jiji hili mwaka huu ni wawili. Ninunue mabasi hamsini kwa ajili ya watu wawili? Na hao wananchi wanaokaa kwenye foleni ya magari kila asubuhi, wakingoja daraja liishe, niwaambie nini?"

Nikanyoosha mkono mpaka wakachoka kujifanya hawanioni. Nikamwambia, "Mheshimiwa, umefunga mlango wa duka, halafu unahesabu wateja."

"Mama, huu si ukumbi wa vichekesho."

"Ndiyo maana hakuna anayecheka. Mmoja wa hao wawili ni mimi, na mlinishusha."

Wakapiga kura. Mabasi hamsini yakafutwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Daraja likaongezewa taa za rangi.

Tukatoka, viti ishirini na sita, tukajipanga kukata barabara mbele ya lango la baraza na kujifunga mnyororo mmoja. Madiwani walikuwa na magari yao ndani. Tukasema nao leo wajue kungoja ni nini.

Polisi wakaja, safu tatu. Mbele yangu akasimama askari kijana, ngao mkononi, kofia ngumu, kioo kimeshushwa. Uso sikuuona. Niliona mikono. Naijua mikono ile, niliishika mmoja baada ya mwingine kuifundisha kalamu. Sikutaja jina. Nilisema tu, "Kijana, hujaniuliza."

Akapandisha kioo. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Nikushike wapi?"

"Leo sishikwi popote."

Alinitazama, Gi-tae. Hakuangalia pembeni.

Mkubwa wake alikuwa nyuma. "Inua. Unangoja nini?"

"Amekataa, afande."

"Nimekuuliza kama amekataa? Inua."

Yule kijana akaiweka ngao chini, polepole, kama mtu anayeweka sahani mezani. Akasimama wima mikono ikining'inia. Wawili wakamkamata mabegani wakamburuta nyuma ya magari. Sisi tulichukuliwa na wengine, na hao hawakuuliza. Nimevunjika kidole cha mkono wa kushoto. Ninachongea mkono wa kulia.

Tangu siku hiyo sina habari za yule kijana.

Sasa wewe afande unayefungua barua hizi kabla ya mwenyewe kuzipata. Najua unazifungua, na gundi unayorudishia ni mbovu. Soma vizuri hapa. Naitwa Pyo Seon-ok, mchonga mihuri, mtaa wa Sangmun, nyumba ya chini yenye mlango wa kijani. Kama pana kosa, kosa ni langu, mimi ndiye niliyemfundisha mtu kuuliza kwanza. Njoo unichukue. Na tarehe kumi na tisa Desemba baraza zima litakapopitisha bajeti, hutakuwa na haja ya kunitafuta. Nitakuwa palepale.

Seon-ok

—

12 Desemba 2003

Dada,

Barua hii haikupitia mkononi mwa mtu. Mwenzangu anakwenda likizo, ameificha kwenye soksi. Kwa mara ya kwanza tangu niingie huku nakuandikia bila kufikiria nani mwingine atasoma.

Sijambo. Nimekaa siku kumi na tano mahabusu ya kikosi. Sasa niko jikoni, naosha mchele wa watu mia moja na ishirini, na siku zile kumi na tano hazihesabiwi, nitazitumikia mwishoni.

Hakuna ghala, dada. Hakuna bahari. Tangu Mei niko kikosi cha kutuliza ghasia hapa Namwol, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka dukani kwako. Mwanzoni nilidanganya kwa ajili ya Mama. Baadaye nilidanganya kwa ajili yangu. Siku ile ya basi namba 27 nilikuwepo. Nilisimama safu ya pili, nyuma ya mwenzangu mrefu, nikainamisha kichwa mpaka mkatolewa wote. Niliwasikia abiria wakicheka na sikujua wanacheka nini. Niliposoma barua yako ndipo nikajua, nikaenda chooni nikakaa humo mpaka nilipoitwa.

Yule mzee wa kijijini ni Mzee Guk wa chama chenu. Ulilijua hilo. Ulinijibu kama hujui, na nilikushukuru na nikaona aibu kwa pamoja.

Usinifanye shujaa. Sikupanga kukataa amri. Nilitaka kukuinua vizuri, kwa pembe nne kama ulivyoniandikia, ukasema hushikwi, na kuinama kukanishinda. Ni hivyo tu.

Wakubwa wananiita Mwulizaji. Nikipita wanasema, "Mwulizaji, niteme mate wapi?" Nimezoea. Lakini juzi wawili kati ya hao hao walinifuata jikoni, mmoja akachungulia mlango, mwingine akaniuliza kwa sauti ya chini vile vishikio vyekundu viko upande gani. Nikamchorea kwenye unga.

Mama nimemwandikia yote, kwa soksi hii hii. Ajiandae yeyote atakayekuwa karibu naye.

Tarehe kumi na tisa mimi nitakuwa nasugua masufuria. Nilikwambia mwezi wa tano kwamba vitu hivi huja vyenyewe. Nakanusha maneno hayo kwa mwandiko wangu mwenyewe. Haviji vyenyewe. Nimeona jinsi vinavyozuiwa, mimi ndiye niliyekuwa nashika ngao.

Mdogo wako,
Gi-tae

—

Namwol, 23 Desemba 2003

Mdogo wangu,

Natuma barua hii kwa mwenzako huyo huyo, amekuja mwenyewe dukani kuulizia jibu. Nimempa chai na soksi nzito zaidi.

Hujambo na baridi hii? Kausha mikono kila ukimaliza kuosha mchele, la sivyo itapasuka. Mimi sijambo. Kidole kimeunga kikiwa kimepinda kidogo.

Mama yuko hapa. Alipoisoma barua yako alifunga kibanda, vitoweo akamwachia muuza dagaa, akapanda gari la kwanza. Alifika mlangoni kwangu tarehe kumi na sita na ndoo mbili za kabichi. Hakusalimia. Alisema, "Nimezaa watoto wawili, wote wananificha mambo." Kisha akakipima kidole changu, akala, akalala mchana kutwa. Kesho yake akaniuliza hilo baraza linafunguliwa saa ngapi.

Tarehe kumi na tisa theluji ilianguka tangu asubuhi. Tulikuwa viti arobaini na kidogo, na nyuma yetu watu wa miguu yao ambao sikuwaita. Yule mama wa vitunguu alikuwepo. Ndani walibishana mpaka saa tisa. Madiwani watatu walisimama upande wetu, mmoja akasema ana mama mzazi ambaye hajatoka nyumbani miaka sita kwa sababu ya ngazi, na hakuwahi kulisema hadharani kwa kuona haya. Mwisho wakapiga kura. Tumepata mabasi manane. Na lifti moja, ya Sangmun, itakayoanza kujengwa baridi ikiisha. Daraja limebaki na taa zake.

Diwani Chu alipita kwetu akielekea gari lake. "Haya," akasema, "mmepata kitu. Mshukuru."

Mama akamwuliza, "Na yale arobaini na mawili yako wapi?"

"Mama, bajeti ni kitu kigumu."

"Nauza vitoweo miaka arobaini, mteja akiniagiza bakuli hamsini siwezi kumpa nane nikamwambia ashukuru."

Diwani akafunga mlango wa gari. Safari hii hatukufunga barabara. Tuliona ni heri watuone kila siku mahali wanapopita wenyewe.

Kwa hiyo tukaenda kituo cha basi, mimi na Mama. Namba 27 ikaja, ngazi tatu zilezile. Mama akaweka mguu mmoja juu ya ngazi ya kwanza na mwingine akauacha chini, akashika mlango kwa mikono miwili.

Dereva akasema, "Mama, ingia au shuka."

"Tunaingia wawili."

"Huyo na kiti? Haiwezekani, mama yangu. Ngojeni hayo mabasi mapya."

"Huyu nilimbeba mgongoni mpaka nikashindwa. Nilipofikiwa na wageni nikamfungia chumba cha nyuma wasimwone. Leo simbebi na simfungii. Na mlango wako haufungwi."

"Mnanichelewesha, kuna watu humu."

"Mimi nimemchelewesha miaka thelathini na sita," Mama akasema. "Dakika zako nitakulipa."

Sikuwahi kumsikia akilitaja lile la chumba cha nyuma, Gi-tae. Si mbele yangu, wala mbele ya mtu. Nilitazama theluji kwenye magoti yangu, sikuweza kumtazama yeye.

Dereva akavuta breki ya mkono, akateremka, akakizunguka kiti changu. Wanaume wawili wakashuka, na mwanafunzi mmoja wa kike mwenye mabega kama ya mcheza mieleka. Nikawaonyesha pembe. Magari ya nyuma yalipiga honi mpaka honi zikachoka. Dakika kumi na saba, Gi-tae, tukawa ndani, mimi na kiti changu. Vituo vinne. Kioo kilikuwa na ukungu, nikakifuta kwa kiganja nikaangalia mtaa wangu kutoka juu kwa mara ya kwanza. Mabango ya maduka niliyokuwa nayaona kwa chini miaka yote, mengine yameandikwa vibaya.

Wakatushusha mbele ya duka, namna ileile, kwa kuinua. Dereva alikuwa anatoka jasho kwenye theluji. Mama akamfuta kola kwa leso yake, akamwuliza kesho anaanza saa ngapi.

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi," akasema. Halafu akaelewa. "Mama, tafadhali."

"Tutakuwepo," Mama akamwambia.

Na tumekuwepo, siku nne sasa. Leo Mzee Guk naye amekuja, kwa hiyo ni viti viwili.

Dada yako,
Seon-ok